Nilivyofundisha Ngoma Kangle Bila Kombe

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa ngoma. Mkuu wa Idara ya Michezo wa shule moja pale Huangpu, mjini Guangzhou, aliniketisha kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa uwanja, akaniamuru nigeukie ukuta, na kikosi cha wanafunzi kikaanza kupita nyuma ya mgongo wangu. Nilikuwa nimevaa suti niliyoinunua Shisanhang, soko la nguo, siku iliyotangulia kwa bei ya jumla, na viatu vilivyonibana vidole. Baada ya kama robo saa hivi akanijia.

"Umesikia nini?"

"Ngoma, Mkuu. Wanapiga vizuri sana."

"Sikukuuliza habari za ngoma. Miguu yao imekwambia nini?"

Nikaachwa ukutani siku hiyo, na siku nne zilizofuata. Siku ya tano nilimwambia kwamba kwenye mstari wa tatu kuna mmoja anayechelewa kukanyaga, na kila akichelewa, mstari wote unakuwa mzito. Mkuu hakunisifu. Alinipa vijiti viwili, akaniambia cheo changu ni msaidizi wa mkufunzi, akaenda zake kunywa chai.

Vijana wengi huniuliza ilikuwaje mama wa Kitanzania aliyekuja Guangzhou kununua magauni akaishia kufundisha ngoma za gwaride. Nitasema kwa kifupi. Nimekulia Mbeya, katika bendi ya matarumbeta ya usharika wetu. Baba alipiga besi, ile ngoma kubwa ya tumboni, nami tangu darasa la tano nilipiga snea, ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake, zinazoifanya ilie kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Miaka mingi baadaye nilikuwa bandarini Huangpu nafuatilia mzigo wangu na wakala, nikasikia snea nyuma ya ukuta wa shule. Nikasimama langoni. Mlinzi akaniuliza nataka nini. Kichina changu wakati ule kilikuwa cha sokoni tu, cha kuuliza bei na kukataa bei, kwa hiyo nikamwonyesha kwa kupiga vidole vyangu juu ya meza yake. Alicheka, akamwita Mkuu. Mkuu akanisikiliza mpaka mwisho, akasema nirudi baada ya wiki. Vibali vilichukua muda mrefu kuliko wiki, lakini nilirudi.

Pale Huangpu nilijifunza kazi. Nilijifunza kupanga mstari kwa kutazama mabega na si miguu. Nilijifunza kukanyaga mahali, yaani kupiga hatua bila kusonga, mpaka magoti yote yanapanda kimo kimoja. Nilijifunza pigo tuliloliita pacha, vijiti viwili vinavyotua karibu pamoja, kimoja kikikitangulia kingine kwa unywele, na mvumo, yale mapigo ya haraka yanayoungana mpaka sikio halioni tena mwanya. Mkuu alikuwa mkali lakini hakuwa na kelele. Kosa lako alilitaja mara moja tu, kisha akakutazama hadi ulirekebishe.

Na tulishinda. Kikosi kile kilikuwa na ngoma mpya, uwanja wa peke yake, na wanafunzi waliofanya mazoezi kila siku baada ya masomo. Makombe yalijaa kwenye kabati la ukumbini mpaka mengine yakawekwa sakafuni. Nilidhani ndiyo kazi ilivyo: unafundisha vizuri, unashinda.

Kisha nikahamishwa. Kituo kimoja cha utamaduni huko Kangle, wilaya ya Haizhu, kilikuwa na kikosi cha ngoma cha watu wazima, na kilimwomba Mkuu wangu mkufunzi. Akanipeleka mimi. Nilikwenda nikiwa na kiburi kidogo, siwezi kukataa.

Anayeijua Kangle anajua majengo yanavyobanana, karakana za kushona zikiwa juu ya karakana za kushona, pikipiki za umeme zikipita na majora ya vitambaa yaliyolazwa kama magogo. Kikosi changu kipya kilitoka humo. Walikuwa mafundi wa cherehani, wakata vitambaa, wapiga pasi, na wafanyabiashara wachache kutoka kwetu na Kongo. Mazoezi yalikuwa Jumapili mchana peke yake, karakana zikipumzika na sisi wengine tukitoka kanisani. Ngoma zilikuwa kuukuu. Nyingine ngozi zake zilikuwa zimelegea hata ukizikaza mpaka mwisho.

Watu wawili lazima niwataje. Wa kwanza ni Lan, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyeshona kwa ovaloki, ile mashine ya kuzungushia pindo. Alikuwa mdogo wa umbo na mchache wa maneno, na aliniita Laoshi, yaani mwalimu, hata nilipomwambia aniite Naomi. Wa pili ni Papa Dieudonné, Mkongo kutoka Lubumbashi, mnunuzi wa suruali za jinzi. Alipiga besi. Alikuwa na tumbo la kuibebea ngoma na sauti kubwa kuliko ngoma yenyewe.

Mkubwa wangu mpya alikuwa Mkuu wa Kituo, mama wa makamo mwenye nywele fupi, aliyetembea haraka na kuongea haraka zaidi. Siku niliyoripoti aliniambia wazi: "Kila mwaka wanakuwa wa mwisho. Wewe umetoka kwa mabingwa. Tutaona."

Mwaka wangu wa kwanza, katika mashindano ya vikosi vya ngoma, tulikuwa wa mwisho kati ya kumi na moja. Mwaka wa pili, wa mwisho. Nilikuwa nimewafundisha kila kitu nilichokijua, kwa namna ileile ya Huangpu, na kila Jumapili niliwaambia tutashinda, tutashinda. Mpiga snea mmoja aliacha, kisha wawili, kisha watano kwa mpigo. Jumapili iliyofuata matokeo ya mwaka wa pili, Papa Dieudonné alivua mkanda wa begani, akaiweka besi chini taratibu kama anayemlaza mtoto.

"Mama Naomi, franchement, kweli tupu," alisema, "unatuambia tutashinda. Nani? Sisi? Wale watoto wa shule wanapiga kila siku. Mimi napiga mara moja kwa juma, na mgongo unaniuma. Usinidanganye tena, Mama."

Akaondoka. Hakuna aliyemzuia, hata mimi.

Jumatatu yake Mkuu wa Kituo aliniita ofisini. Alikuwa na barua mbele yake. "Kuna kikundi cha dansi kinautaka ukumbi wa Jumapili," alisema. "Kina watu wengi, hakina malalamiko. Mkiwa wa mwisho tena, ukumbi ni wao na ngoma zinakwenda stoo. Sikutishi. Nakueleza ili usije ukashangaa."

Nilipanda treni hadi Huangpu kumwomba Mkuu wangu wa zamani anirudishe. Hiyo ndiyo kweli, na sioni sababu ya kuipamba. Nilimkuta uwanjani, nikamweleza yote: ngoma mbovu, saa chache, watu kuchoka, watu kuacha. Alinisikiliza macho yake yakiwa kwenye mstari wa wanafunzi.

"Kikosi chako kimeweza nini wiki hii ambacho wiki iliyopita hakikukiweza?" aliuliza.

"Sijui, Mkuu."

"Wao wanajua?"

"Hawajui."

"Basi umewanyima mshahara wao wote," alisema. "Nafasi hapa ipo. Lakini ukija, utakuja ukiwa mwalimu anayeweza kufundisha washindi tu, na hao hawahitaji mwalimu sana."

Nilirudi Kangle uso ukinichoma njia nzima.

Jumapili ile niliacha kutaja ushindi. Niliweka simu yangu juu ya kiti, nikarekodi kikosi kikipiga mapigo thelathini na mawili, basi. Nikawaambia wiki hii tuna kazi moja: pigo la kwanza la kila mstari litue pamoja. Mengine yawe mabaya yatakavyokuwa. Wiki iliyofuata tulirekodi tena, tukasikiliza zote mbili. Halafu tukachagua kazi nyingine moja: vijiti vyote vipande kimo kimoja. Ikafuata mvumo usiotoboka. Lan alikuja na karatasi ya kuchorea vielezo vya nguo, ile nyeusi yenye vumbi la chaki, akaibandika ukutani na kuandika kila jambo tulilolimaliza. Kazi iliyotushinda haikuandikwa wala haikusemwa vibaya. Ilirudi Jumapili iliyofuata.

Hazikupita wiki nyingi Mkuu wa Kituo akaingia ukumbini na habari mbaya. Wakazi wa majengo ya jirani walikuwa wamelalamikia kelele. Nilimwomba atuache japo saa moja. "Bu xing," alisema, neno ambalo kila mfanyabiashara wa hapa amelisikia mpaka analiota: haiwezekani. Ngoma zisipigwe mpaka wiki ya mashindano. Alionekana kuumia kulisema, lakini alilisema.

Nakumbuka nilikwishaanza kutafuta maneno ya kuwaaga. Lan akasema, "Laoshi, nisubirini," akatoka. Alirudi akiwa nyuma ya mkokoteni uliojaa majora ya kitambaa chenye dosari, aliyoazimwa na bosi wa karakana yake. Akalisimamisha jora moja mbele yake, kimo cha kiuno, akashika vijiti, akaanza kupiga. Hapakusikika kitu zaidi ya mtu anayekung'uta mto.

Niwaeleze maana yake, kwa sababu wengine hamjawahi kujaribu. Ngozi ya ngoma iliyokazwa hukurudishia kijiti. Nusu ya kazi inafanywa na ngoma. Kitambaa hakirudishi kitu. Kila pigo unalishusha wewe na kulipandisha wewe, kwa kifundo cha mkono, na ukichelewa hakuna mlio wa kukuficha. Wiki mbili za kwanza mikono ilitutetemeka hata kushika vijiti vya kulia chakula ikawa shida. Wiki ya tatu nikafumba macho, nikageukia ukuta, na nikasikia puff moja. Wapigaji walikuwa tisa.

Siku iliyofuata nilikwenda Shisanhang kumtafuta Papa Dieudonné. Nilimkuta ngazi ya pili ya jengo moja, katikati ya mabunda ya jinzi, anabishana bei na mwenye duka. Nikamwekea simu sikioni bila hata kumsalimia.

"Hii ni nini?"

"Sikiliza."

Alisikiliza rekodi ya kwanza, akakunja uso. Alisikiliza ile ya kabla ya zuio. Mwenye duka akawa anamvuta mkono, naye anamkataza kwa kidole.

"Wa kwanza ni sisi. Hawa wa pili ni nani?"

"Ni nyinyi pia, Papa. Ni kikosi chako, wewe umetoka tu."

Akairudia. Akacheka kile kicheko chake cha kujaa jengo, watu wakageuka. "Aba batu banapiga bila mie? Non, non, non." Jumapili alikuwepo kabla yangu, na alikuwa amekwisha kujichagulia jora nene kuliko yote. Na kwa kuwa aliongea na kila mtu Kangle, hazikupita wiki tatu wale walioacha wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwa aibu, wakisimama mlangoni mpaka wakaribishwe. Snea zikawa kumi na mbili.

Wiki ya mashindano tuliruhusiwa ngoma. Nilitegemea vurugu. Lan alipopiga pigo la kwanza kwenye ngozi, kijiti kilirudi kwa kasi akashtuka, akanitazama kama amepewa mkono wa mtu mwingine. Sote tulikuwa hivyo. Ngoma zilezile kuukuu zilitujia nyepesi mno hata kazi yetu ya wiki nzima ikawa kujizuia.

Na kujizuia ndiko kulikotakiwa. Mwaka ule kipande cha lazima, ambacho kila kikosi hukipiga, kilianza kwa sauti ya chini kabisa, kijiti kisipande zaidi ya upana wa vidole viwili, kisha kikapanda polepole mpaka ngurumo. Vikosi hupenda ngurumo. Sauti ya chini ndiyo inayowavua nguo, kwa sababu hapo kila mtu husikika peke yake.

Tulipangwa wa nane kuingia. Sare zetu tulizishona wenyewe Kangle, za bluu, zikiwa zimenyooka kuliko za yeyote. Mistari yetu ya kutembea ilikuwa ya wastani; Jumapili moja kwa juma haitoshi kwa miguu. Mbele yetu walikuwa wameingia watoto wa Huangpu, kikosi changu cha zamani, na uwanja ulikuwa bado unawashangilia tulipochukua nafasi. Papa Dieudonné aliniambia bila kugeuka, "Mama, leo sitaki kombe. Nataka wasikie."

Nikashusha mkono.

Snea zilianza. Nimepiga na kufundisha ngoma maisha yangu yote, na kwa mara ya kwanza nilitafuta kwa sikio mtu wa kumsahihisha nikamkosa. Hapakuwa na wa mbele wala wa nyuma. Watu waliokuwa wakipiga gumzo jukwaani walinyamaza safu kwa safu, wakainama mbele ili wasipitwe. Nilimwona jaji mmoja, mzee mwenye miwani, akitembea kandokando ya mstari wetu na karatasi yake. Alifika mwisho, akasimama, akarudi tena mwanzo akitazama vijiti. Kisha sauti ikaanza kupanda, besi ikaingia chini yake kama lori linalopanda daraja, na tulipofika kwenye ngurumo nilihisi saruji ya uwanja ikitetemeka kwenye nyayo zangu. Pigo la mwisho lilikatika mara moja. Uwanja ukalipuka.

Matokeo yalitangazwa jioni. Watoto wa Huangpu walikuwa wa kwanza, na walistahili. Sisi tulikuwa wa saba.

Wa saba kati ya kumi na moja! Mtu angetuona angedhani tumetwaa dunia. Mpiga pasi mmoja alikaa chini akalia. Mkuu wa Kituo akaja mbio na karatasi za majaji, akampa Lan asome kwa sauti, maana mwandiko wa mkono wa Kichina mimi bado unanishinda. Lan alisoma alama za mistari, za sare, za hatua. Alipofika kwenye karatasi ya yule mzee wa miwani akaigeuza nyuma na mbele.

"Soma," nikamwambia.

"Laoshi, ameandika sentensi mbili tu."

"Zisome basi."

"Nimesikia snea moja. Nimehesabu wapigaji kumi na wawili."

Alizisoma tena kwa sauti zaidi kwa wale wa nyuma. Papa Dieudonné akaniuliza amesema nini, nikamtafsiria, naye akambeba Lan juu pamoja na ngoma yake, Lan akipiga kelele ashushwe. Vikosi vingine vilitugeukia kuona nani ameshinda nini. Mkuu wa Kituo alinishika mkono akautikisa kwa muda mrefu. "Kile kikundi cha dansi," alisema, "nitakitafutia ukumbi mwingine."

Ng'ambo ya uwanja Mkuu wangu wa zamani alikuwa anapanga wanafunzi wake kwa picha, kombe likiwa mbele yao. Aliniona. Aliwaacha, akavuka uwanja wote kwa miguu, akaniambia Jumapili ijayo angependa kuleta wapigaji wake Kangle, kama tuna majora ya ziada. Walikuja kweli. Mabingwa wa mji walisimama kati ya vumbi la chaki na masalia ya vitambaa, wakipiga puff-puff isiyolingana, na Lan akipita nyuma yao, ameshika mikono mgongoni, akitaja kosa la kila mmoja mara moja tu.

Niliongoza kikosi kile miaka mingi baada ya hapo. Tuliwahi kuwa wa tano, mara mbili tukawa wa nne, mwaka mmoja tukarudi wa tisa kwa sababu ya mvua na kiburi. Kombe hatukulichukua kamwe. Wanaoanza kazi hii huniuliza niliwezaje kuwafanya watu waliochoka waje kila Jumapili kwa jambo wasiloweza kulishinda. Nawajibu kwamba hawakuwa wanakuja kwa jambo wasiloliweza. Walikuja kwa jambo moja ambalo wangeliweza kabla ya jua kuzama, wakaliandika ukutani, wakarudi kwenye cherehani zao wakiwa na kitu mikononi ambacho asubuhi hawakuwa nacho. Kazi ya mkufunzi ni kulichagua jambo hilo, lisiwe jepesi mno wala zito mno. Nimekosea mara nyingi kulichagua. Lakini nilipolipata sawasawa, niliona sura za watu zikibadilika mbele yangu, na hiyo sijawahi kuizoea mpaka leo.

Nilipostaafu, Lan ndiye aliyepewa kikosi. Jumapili yangu ya mwisho hakutaka hotuba. Alinivika mkanda, akanipa snea, akanisimamisha katikati ya mstari, kati ya mkata vitambaa na mpiga pasi. Katika miaka yote ile nilikuwa nimesimama mbele yao. Sikuwahi hata mara moja kusimama nao. Alishusha mkono, tukaingia kwenye ile sauti ya chini ya vidole viwili, na machozi yakaniziba macho.

Baada ya mapigo manane Lan aliinua ngumi, mstari ukakatika.

"Laoshi," alisema, bila tabasamu hata kidogo, "umetangulia. Tunarudia."

Papa Dieudonné alicheka mpaka besi ikaguna yenyewe. Mimi nilijifuta uso kwa mkono wa blauzi, nikainua vijiti, nikamtazama mwalimu wangu.